Mtoto Anapopimwa Kusoma na Hesabu Kwenye Kompyuta: Mwongozo kwa Wazazi wa Mesaimeer

Shule za Doha hufunguliwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Wiki chache baadaye, wazazi wengi wa Mesaimeer na mtaa jirani wa Abu Hamour hupokea ujumbe kwamba mtoto atapimwa kusoma na hisabati kwenye kompyuta. Kisha huja ripoti ya Kiingereza yenye grafu, namba kama 198 au 94, na maneno ambayo hatukuyasikia tulipokuwa shule. Mzazi aliyesoma Kenya enzi za KCPE, mtihani uliodumu kuanzia 1985 hadi 2023, hutafuta alama juu ya mia tano na nafasi ya mtoto darasani. Aliyesoma Tanzania hutafuta A, B au C. Asipoviona, ama humkaripia mtoto bure, ama huikunja ripoti na kuiweka kabatini.

Yote mawili yanamuumiza mtoto. Vipimo hivi havina kufaulu wala kufeli. Vimetungwa ili mwalimu ajue mtoto amefika wapi leo na afundishwe nini baada ya hapo. Ukijua kuvisoma, utakuwa na la kusema katika kikao cha wazazi, na utaiona shida ya mwanao mapema, kabla haijaota mizizi.

1. Jua kwanza ni kipimo gani

Usianze na namba. Anza na jina la kipimo lililoandikwa juu ya ripoti, kwa kuwa namba ya kipimo kimoja haina maana katika kingine.

Shule za mtaala wa Marekani aghalabu hutumia MAP Growth, kilichotungwa na NWEA, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1977. Hupima kusoma, hisabati, na pengine matumizi ya lugha na sayansi, mara mbili au tatu kwa mwaka: mwanzoni, katikati na karibu na mwisho. Alama zake huitwa RIT.

Shule nyingi za mtaala wa Uingereza katika Ghuba hutumia vipimo vya GL Assessment. Kuna cha maendeleo ya Kiingereza, kuna cha maendeleo ya hisabati, kuna NGRT kinachopima kusoma peke yake, na kuna CAT4. Hiki cha mwisho ni cha aina nyingine kabisa: hakipimi alichofundishwa mtoto bali jinsi anavyofikiri kwa maneno, kwa namba, kwa maumbo na kwa nafasi. Shule nyingi hukitumia pia wakati wa kupokea wanafunzi wapya.

Kama umemwandikisha mtoto katika shule ya Kihindi ya mtaala wa CBSE, huenda ukakutana na ASSET, kipimo cha kampuni ya Educational Initiatives ya India, ambacho huuliza zaidi kama mtoto ameelewa kuliko kama amekariri.

Usichanganye hivi na PISA, TIMSS na PIRLS. Hivyo ni vipimo vya kimataifa vinavyolinganisha nchi na nchi. Qatar imeshiriki PISA tangu 2006. PISA hupima vijana wa miaka 15, PIRLS hupima usomaji wa watoto wa darasa la nne, na TIMSS hupima hisabati na sayansi katika darasa la nne na la nane. Mtoto wako anaweza kuchaguliwa kushiriki, lakini hutaletewa alama zake. Shule ikikwambia ni PISA, mlaze mapema, mpe chai asubuhi, basi.

2. Elewa kinavyofanya kazi

Mitihani tuliyoifanya sisi ilikuwa na karatasi moja kwa wote. MAP Growth na NGRT hazifanyi hivyo. Mtoto akijibu sawasawa, kompyuta humletea swali gumu zaidi. Akikosea, humletea jepesi zaidi. Hivyo watoto wawili waliokaa dawati moja huona maswali tofauti, na kuchungulia kwa jirani hakumsaidii yeyote.

Matokeo yake ni jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua: katika MAP, mtoto kwa kawaida hukosa karibu nusu ya maswali, hata akiwa hodari. Ndivyo kompyuta inavyotafuta kikomo cha uwezo wake. Kwa hiyo mtoto akirudi nyumbani akilia kwamba maswali yalikuwa magumu, usiseme hakusoma. Huenda yalikuwa magumu kwa sababu alikuwa akijibu vizuri.

Mwambie mapema na haya mengine. Katika MAP hawezi kuruka swali wala kurudi nyuma kurekebisha, kwa hiyo asome mpaka mwisho kabla ya kubonyeza. Hakuna saa inayomkimbiza. Wengi humaliza somo moja kwa muda wa kama saa moja, na asiyemaliza anaweza kuendelea siku nyingine. Akibonyeza haraka haraka kwa kubahatisha, mfumo hugundua na kumjulisha msimamizi. Kikokotoo hutokea kwenye skrini pale tu kinaporuhusiwa. Kukokotoa kwenye karatasi kunaruhusiwa, na mtoto aliyezoea kuandika hatua zake kwenye daftari aiombe karatasi hiyo. Wadogo wanaoanza kusoma huvaa hedifoni na kusomewa maswali.

CAT4 ni kinyume kwa upande wa muda: kila sehemu ina dakika zake, na zikiisha sehemu hufungwa. Ndiyo maana inafaa kumuuliza mwalimu, kabla ya siku yenyewe, kama kipimo kina muda maalumu.

3. Soma ripoti namba kwa namba

*Persentaili.* Hii ndiyo inayowapotosha wengi. Ukiona 62, usidhani mtoto amepata asilimia 62 ya maswali. Maana yake ni kwamba ukichukua watoto mia wa darasa au umri wake, yeye amefanya sawa na 62 kati yao, au vizuri kuliko wao. Persentaili 50 ni katikati kabisa, wala si nusu ya alama. Kumbuka pia watoto hao mia si wa Doha wala wa Nairobi. Katika MAP, ni watoto wa Marekani.

*RIT.* Ione kama alama za urefu zinazochorwa ukutani: mtoto hupimwa kwa ukuta ule ule kila mwaka, na unachotazama ni amepanda kiasi gani tangu mara ya mwisho. Kwa viwango vilivyotolewa na NWEA mwaka 2020, wastani wa hisabati kwa darasa la 4 la Marekani ulikuwa karibu 200 mwanzoni mwa mwaka wa masomo na karibu 211 mwishoni. Viwango hivi hufanyiwa mapitio kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo iombe shule ikuonyeshe vinavyotumika sasa. Zingatia pia kwamba ukuaji hupungua kadiri mtoto anavyopanda madarasa. Kwa viwango hivyo, mtoto wa darasa la 1 alipanda kwa wastani alama 16 hivi za hisabati kwa mwaka, na wa darasa la 8 alipanda 5 au 6 tu. Usimlinganishe kaka na mdogo wake kwa hesabu hiyo.

*Alama ya umri.* Vipimo vya GL hutoa alama inayozingatia umri wa mtoto kwa miaka na miezi. Wastani ni 100, na karibu nusu ya watoto wote huangukia kati ya 90 na 110. Mtoto mwenye 94 yuko ndani ya kawaida, hajashindwa kitu. Ripoti huenda pia ikawa na stanaini, ngazi za kuanzia 1 hadi 9, ambapo 4, 5 na 6 ni za katikati.

*Ukingo wa makosa.* Hakuna kipimo kisichoyumba. Alama ya RIT ya 198 inaweza kuwa 195 au 201 kama mtoto angepimwa tena kesho, na ndiyo maana ripoti nyingi huonyesha masafa badala ya namba moja. Alama zikishuka kwa mbili au tatu, usiite kikao cha ukoo. Zikishuka mara mbili mfululizo, au zikishuka sana kwa mara moja, hapo uliza.

*Jina la darasa.* Mwaka wa 5 wa Uingereza ni sawa na darasa la 4 la Marekani, na umri wake, miaka 9 hadi 10, hukaribiana na Grade 4 ya Kenya. Ndugu aliye Mombasa akikuuliza mtoto yuko darasa la ngapi, jibu kwa umri, utaepusha mkanganyiko.

4. Usiizime lugha ya nyumbani

Wazazi wengi wakiona alama ndogo za kusoma huamua kuacha Kiswahili nyumbani na kuzungumza na watoto Kiingereza tu, hata kama Kiingereza chao wenyewe ni cha kazini. Uamuzi huo una hasara kubwa. Mtoto hupoteza lugha ambayo babu, bibi na shangazi wanamfunzia adabu, na badala yake hupata Kiingereza chenye maneno machache kuliko kile cha mwalimu wake. Anayehadithiwa, anayeulizwa na anayejieleza kwa Kiswahili nyumbani anajifunza kupanga mawazo, na mawazo yaliyopangwa huhamia katika lugha yoyote atakayosoma.

Ripoti yenyewe inaweza kukuonyesha shida iko wapi. Katika CAT4, tazama kama alama ya maneno iko chini sana kuliko za maumbo na namba. Ikiwa hivyo, mara nyingi mtoto anafikiri vizuri ila Kiingereza bado hakijakomaa, na anachohitaji ni msaada wa lugha. Mwulize mwalimu kama shule ina mpango wa kuwasaidia watoto ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza.

Nyumbani unaweza kupima mwenyewe. Wengi wetu tunaukumbuka Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 Kenya, Tanzania na Uganda, ambapo watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto hadithi fupi na hesabu za kiwango cha darasa la pili. Fanya vivyo hivyo sebuleni. Mpe mwanao ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiingereza cha darasa lake asome kwa sauti, kisha mwambie akusimulie kwa Kiswahili. Akisoma kwa shida lakini akasimulia vizuri, anahitaji mazoezi ya kusoma tu. Akisoma kwa ufasaha lakini asiweze kusimulia, haelewi anachosoma, na hilo ndilo la kumpelekea mwalimu haraka, kwa sababu ufasaha wa sauti huficha mengi.

Kuna mitego mingine ya hesabu inayowahusu hasa watoto wetu. Mtoto aliyezoea kusikia nyumbani kwamba shule inafunguliwa saa moja asubuhi anaweza kuchora mshale wa saa kwenye 1 badala ya 7. Mfundishe waziwazi kwamba Kiswahili huhesabu saa tangu jua kuchomoza, na shuleni huhesabiwa tangu usiku wa manane. Katika somo la Kiarabu, ambalo Wizara ya Elimu ya Qatar hulitaka hata katika shule za binafsi, atakutana na tarakimu ambapo tano (٥) hufanana na sifuri ya Kiingereza na sita (٦) hufanana na saba. Wadogo huzichanganya. Vipimo vya Marekani vinaweza kutaja dola, senti, inchi na futi, na vya Uingereza pauni na peni. Mtoto anayejua riyali na dirhamu tu akumbane na fedha hizo nyumbani kwanza, si kwenye skrini.

5. Muandae bila kumchosha

Usinunue lundo la vitabu vya kumkaririsha wala usiajiri mwalimu wa ziada kwa ajili ya kipimo hiki. CAT4 hakina mada ya kusomea, na MAP ina maswali mengi mno kukaririwa. Mtoto aliyesukumwa kupata alama isiyo yake hupewa kazi zisizo zake, kisha hubaki nyuma darasani huku kila mtu akidhani yuko sawa. Yanayosaidia ni haya:

• *Kompyuta yenyewe.* Mtoto aliyezoea kugusa simu tu hupata tabu kuburuta jibu kwa kipanya au kuandika kwa kibodi. Mzoeshe wiki mbili tatu kabla. Kwa MAP kuna jaribio fupi la mazoezi mtandaoni lisilo na malipo. Mwombe mwalimu kiungo chake.

• *Kusoma kila siku.* Dakika ishirini za kitabu anachokipenda zinatosha. Ripoti ya MAP ya kusoma huwa na kipimo cha Lexile kinachoonyesha ugumu wa vitabu vinavyomfaa. Kiandike, kisha mpeleke katika Maktaba ya Taifa ya Qatar iliyoko Education City. Ina sehemu kubwa ya watoto, uanachama ni bure kwa wakazi wa nchi, na kituo cha metro cha mstari wa kijani kiko hapo hapo mlangoni.

• *Hesabu za maisha.* Sokoni mwachie ajumlishe bei na ahesabu chenji. Jikoni mwachie apime nusu kikombe na robo kilo. Sehemu ndogo ndogo, yaani nusu, robo na theluthi, huwasumbua watoto kila mahali, na jikoni ndiko zinakoeleweka upesi.

• *Usingizi na kifungua kinywa.* Wiki ya shule hapa huanza Jumapili, na Ijumaa na Jumamosi nyumba nyingi hulala usiku sana: wengine wanatoka katika makanisa yaliyo pamoja hapa Mesaimeer, wengine kwa jamaa. Kipimo kikiwa Jumapili asubuhi, Jumamosi mtoto alale mapema.

• *Maneno yako.* Usimwambie “usiniaibishe”. Mwambie asome polepole, ajibu anachokijua, na asichokijua ajaribu kwa kufikiri.

6. Nenda shuleni na maswali

Kikao cha wazazi huwa cha dakika chache tu, na wengi wetu hufika moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Andika maswali yako kwenye simu kabla ya kuingia, na ukipenda muulize mwalimu kwa adabu:

1. Mwalimu, hiki ni kipimo gani, na mtoto wangu analinganishwa na watoto wa wapi?
2. Amekua kiasi gani tangu kipimo kilichopita, na alitarajiwa kukua kiasi gani?
3. Ni eneo gani moja la kusoma na eneo gani moja la hisabati linalomrudisha nyuma zaidi?
4. Alama hizi zinafanana na kazi zake za darasani? Kama hazifanani, unadhani kwa nini?
5. Utabadilisha nini katika kumfundisha, na mimi nifanye nini nyumbani?
6. Alama hizi zitatumika kumpanga katika kundi au darasa fulani? Uamuzi huo utapitiwa lini tena?

Swali la nne lina uzito wa pekee. Mwalimu anayemwona mtoto kila siku ana ushahidi ambao kompyuta haina. Alama moja isitumike kumfungia mtoto mlango. Ikiwa siku ile alikuwa na homa, au intaneti ilikatika, au alikuwa na wiki ya pili tu nchini, sema hivyo na uombe apimwe tena. Kama mwanao huona herufi kwa shida, husikia kwa shida, au unashuku ana ugumu maalumu wa kusoma, lieleze kabla ya kipimo, ili shule ione ni msaada gani unaoruhusiwa.

Ukipata dakika moja ya ziada, muulize pia nani anayeziona alama hizo na zinahifadhiwa wapi. Ni taarifa za mtoto wako na una haki ya kujua.

7. Weka kumbukumbu

Mkataba wa kazi ukiisha, familia hurudi nyumbani au huhamia kwingine katika Ghuba. Shule mpya itataka kujua mtoto amefika wapi. Fungua jalada moja na uweke humo kila ripoti, kwa karatasi na kwa picha kwenye simu. Anayerudi Kenya ajue kwamba mtoto atakutana na KPSEA mwishoni mwa darasa la 6, upimaji ulioanza 2022 katika mtaala wa umilisi, na KJSEA mwishoni mwa darasa la 9. Anayerudi Tanzania atakuta upimaji wa darasa la pili wa kusoma, kuandika na kuhesabu, ule wa darasa la nne, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Ripoti za Doha hazichukui nafasi ya mitihani hiyo, lakini humwonyesha mwalimu mpya pa kuanzia. Mtoto mwenye Kiswahili imara ataingia madarasa hayo bila kuwa mgeni nchini kwao.

Mzazi mwenzangu, tumekuja Qatar kutafuta riziki ili watoto wetu wapate elimu tuliyoitamani sisi. Elimu hiyo haisimamiwi na shule peke yake. Ripoti ikija, ifungue siku hiyo hiyo, kaa na mwanao muisome pamoja, sifu alipokua, taja eneo moja la kufanyia kazi, kisha mwandikie mwalimu. Kama kuna jirani au rafiki kanisani au msikitini anayesoma ripoti kama hiyo bila kuielewa, mweleze unayoyajua. Mtoto wa jirani naye ni wetu.